Mabakuli elfu hamsini na kamba isiyouzika

Mwaka 1998 wazamiaji waliokuwa wakitafuta jongoo bahari katika maji ya kisiwa cha Belitung, Indonesia, walikuta tuta mchangani, limejaa vyombo vya udongo vilivyogandana na matumbawe. Kina chake mita 17 hivi. Mwamba ulio jirani wenyeji wanauita Batu Hitam, yaani Jiwe Jeusi. Aliyekulia pwani yetu hahitaji kusimuliwa mambo ya namna hii yanavyosafiri: mzamiaji mmoja anajua leo, kesho anajua shemeji yake, na keshokutwa kuna mtu gatini anauliza bei.

Chini ya tuta hilo lilikuwamo jahazi la karne ya 9. Umri wake umekisiwa kwa njia kadhaa, lakini ushahidi mtamu kuliko wote ni bakuli moja lililochorwa tarehe kabla ya kuingizwa tanuruni: siku ya 16 ya mwezi wa saba, mwaka wa pili wa enzi ya Baoli, kwa hesabu ya miaka ya Kichina. Kwa kalenda ya leo ni mwaka 826. Shehena ilikuwa ya vyombo vya kauri vipatavyo 60,000, na zaidi ya 50,000 kati yake vilikuwa mabakuli ya kawaida ya Changsha, mkoa wa Hunan nchini China, yaliyochorwa kwa mkono ndege, samaki, mawingu, maua, na mengine michoro inayoiga maandishi ya Kiarabu. Kulikuwa na kikombe cha dhahabu cha pande nane, visanduku vya fedha, kioo cha shaba kilichosubiwa Yangzhou, na sahani tatu nyeupe zenye michoro ya buluu, ambazo ni za zamani kuliko zote za aina hiyo zilizopatikana zikiwa nzima.

Jahazi lenyewe halikuwa na msumari hata mmoja. Mbao zake zilishonwa kwa kamba.

Kampuni ya Mjerumani Tilman Walterfang, Seabed Explorations, ilipata kibali cha serikali ya Indonesia ikaopoa kwa misimu miwili, 1998 na 1999. Mwaka 2005 sehemu kubwa ya shehena ilinunuliwa na Singapore kwa dola za Marekani milioni 32. Mwaka 2011 taasisi ya makumbusho ya Smithsonian ya Washington, iliyokuwa imepanga kuifanyia maonyesho mwaka uliofuata, ilirudi nyuma. Wanaakiolojia, wakiwemo walioajiriwa na Smithsonian yenyewe, walikuwa wamesema kwamba kuionyesha shehena hiyo ni kuibariki biashara ya kuopoa meli za kale kwa faida. Hasira zilipanda pande zote mbili, na hazijapoa sana hadi leo.

Katika mazungumzo ya kawaida, wanaakiolojia hutoka vibaya kwenye kisa hiki. Wanaonekana kama jirani aliyejifungia ndani wakati nyumba inaungua, kisha asubuhi akaja kulalamika kuwa waliozima moto wamekanyaga maua. Nadhani hawajasikilizwa vizuri, na nadhani sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tuna sababu yetu wenyewe ya kuwasikiliza. Lakini kwanza waopoaji wapewe haki yao, maana wanayo.

Mwaka 1998 si mwaka wowote kwa Indonesia. Rupia ilikuwa imeanguka vibaya, mwezi Mei Suharto akajiuzulu baada ya miaka zaidi ya 30 madarakani, na miji ilikuwa imeonja moto na damu. Serikali ya aina hiyo haina doria ya kuweka juu ya tuta la mabakuli usiku na mchana, mahali ambapo mvuvi anafika kwa mashua ndogo. Nani angekuja na fedha za kuchimba kwa miaka mitano au kumi kwa utaratibu wa chuo kikuu? Hakujitokeza mtu. Hata kati ya msimu wa kwanza na wa pili, waporaji walishuka wakachukua walichoweza. Anayesema shehena ingeachwa tu chini ya maji ingoje wataalamu, anazungumza kuhusu bahari nyingine.

Tena Walterfang hakuuza kipande kipande. Hilo ni jambo kubwa kuliko linavyosikika. Mwaka 1986 shehena ya meli ya Kiholanzi Geldermalsen, iliyozama 1752 na kuopolewa na Michael Hatcher, ilinadiwa Amsterdam, na vyombo vyake zaidi ya laki moja vikatawanyika katika makabati ya watu dunia nzima. Mwaka 2000 shehena ya Tek Sing, jahazi la Kichina lililozama 1822, ilinadiwa Stuttgart. Hiyo ilikuwa na vyombo laki tatu na nusu hivi. Ukitaka leo kuzitafiti shehena hizo kwa ukamilifu wake, itakubidi ugonge milango ya sebule za watu katika mabara yote. Shehena ya Belitung ilioshwa chumvi kwa miaka kadhaa huko New Zealand, ikawekwa pamoja, na leo iko katika Makumbusho ya Ustaarabu wa Asia, Singapore, ambako mtoto wa shule anaweza kuiona na mtafiti anaweza kuhesabu.

Na watafiti wamehesabu kweli. Lile bakuli la 826 peke yake limetufaa hata huku kwetu. Vigae vya Changsha vimepatikana Shanga na Manda katika visiwa vya Lamu, na Unguja Ukuu kusini mwa Unguja. Ni vichache, vingine si vikubwa kuliko kiganja. Sasa vina ndugu mwenye tarehe. Aliyekunywa uji, au maji, au alichokinywa, katika bakuli la Changsha pale Shanga, aliishi katika ulimwengu mmoja wa biashara na mabaharia wa jahazi hili, na sahani tatu za buluu zinaonyesha jinsi ulimwengu huo ulivyokuwa umefungamana: udongo wa mkoa wa Henan nchini China, rangi ya kobalti iliyotoka Uajemi, na mchoro unaofanana na majani ya mtende, uliokusudiwa jicho la mnunuzi wa huko magharibi. Kabla ya Belitung ilikuwa rahisi kusema biashara ya wakati ule ilihusu anasa za wafalme tu. Wafalme hawanunui mabakuli elfu hamsini. Hiyo ni bidhaa ya soko, imetengenezwa kwa wingi, kwa mtu anayeuliza bei kabla ya kuuliza jina la fundi.

Basi ugomvi uko wapi? Uko kwenye nambari hiyohiyo.

Elfu hamsini. Nambari hiyo inatajwa katika kila makala na kila maelezo ya maonyesho, na kila ninapoiona nashikwa na swali ambalo kuli yeyote wa Mombasa au wa Dar es Salaam angeliuliza kabla ya mimi: yalipakiwa vipi? Kinachoshuka kwanza hupakiwa mwisho. Ndiyo kanuni ya ngama, tumbo la jahazi linalobeba mzigo, tangu dunia iumbwe, na haibadiliki kwa dini ya nahodha wala kwa lugha ya tajiri. Ukifungua ngama ya chombo kilichozama na shehena yake, umefungua ratiba ya safari. Juu ni bandari inayofuata, chini ni bandari ya mwisho. Mzigo uliotengwa na mwingine kwa mbao au kwa mkeka ni mali ya tajiri mwingine. Mtungi uliowekwa karibu na tezi, peke yake, huenda ni wa nahodha mwenyewe.

Mabakuli mengi ya Changsha yalipangwa kwa mzunguko ndani ya mitungi mikubwa ya kijani iliyofinyangwa Guangdong, mtungi mmoja ukichukua zaidi ya mabakuli mia. Hilo tunalijua kwa sababu mitungi mingine ilipatikana bado imejaa. Sasa fikiria mtungi wa namna hiyo umesimama mahali pake chini ya bahari kwa miaka zaidi ya 1,100. Jirani yake ni nani? Kuna mitungi mingapi yenye michoro ya aina moja iliyowekwa pamoja, kana kwamba imeagizwa na mtu mmoja? Ile yenye michoro ya kuiga Kiarabu iko upande mmoja na ile yenye alama za Kibudha upande mwingine, au zimechanganywa bila kujali? Kauri nyeupe za bei kubwa kutoka kaskazini ya China zilifichwa katikati, au zilikaa pembeni kama mzigo mwingine wowote?

Swali hilo lina uzito wake katika kisa hiki hasa, kwa sababu jahazi lilizama mahali pasipotarajiwa. Chombo kinachotoka China kurudi Ghuba ya Uajemi hushuka pwani ya Vietnam ya leo kisha hukata kuelekea mlango wa Malaka. Belitung iko kusini-mashariki ya hapo, kati ya Sumatra na Borneo. Nahodha alikuwa akienda wapi? Wako wanaosema alikuwa anaelekea Java. Wako wanaosema alipitia Sumatra, kwa watawala wa Srivijaya, ambao walijua kumfanya mpitaji asimame kwao atake asitake. Hata bandari aliyopakia inabishaniwa: kioo ni cha Yangzhou, mitungi ni ya Guangdong, na kila mmoja anavuta kwake. Hoja hizi zote zingepungua makali kama kungekuwa na ramani kamili ya ngama, tabaka kwa tabaka. Ndani ya jahazi hilo lilikuwamo jibu la swali ambalo wanahistoria wa Bahari ya Hindi hawawezi kulijibu kwa kitabu chochote cha wakati ule, yaani ni nani hasa aliyekuwa mteja, Basra na Siraf za Ghuba peke yake, au kila bandari njiani.

Mopoaji hulipwa kwa mabakuli. Halipwi kwa mahali yalipokuwa. Kila siku mashine, wazamiaji na mashua ya kukodi vinakula fedha, na msimu wa upepo unakaribia. Mtungi ukiinuliwa ukiwa mzima, kazi imekwenda vizuri. Kupima umbali wake kutoka kwenye mkuku, kupiga picha, kuandika, kuusogeza mchanga kwa mkono badala ya bomba, hayo ni saa, na saa hizo haziongezi senti kwenye bei ya bakuli. Sisemi waopoaji wa Belitung walikuwa watu wabaya. Nasema kazi yao ilipimwa kwa mizani isiyo na upande wa kuwekea kitu kisichouzika.

Pwani yetu ina mfano wa jambo hili ambao watu wengi wamepita mbele yake bila kuutazama. Makaburi ya minara ya Mambrui na Kunduchi yalipambwa kwa mabakuli ya kauri yaliyopachikwa ukutani. Mengi ya mabakuli hayo yaling'olewa zamani. Yamebaki matundu ya duara, meupe kwa chokaa. Ukisimama mbele ya mnara wa namna hiyo, matundu yanakuambia bakuli lilikuwa na upana gani, lilikaa urefu gani kutoka ardhini, lilitazama upande gani, na yalikuwa mangapi kwa marehemu mmoja. Bakuli lililong'olewa, popote lilipo, halisemi lolote kati ya hayo. Ni bakuli tu, zuri labda. Sisi tumebaki na matundu bila mabakuli. Singapore wana mabakuli bila matundu. Ukinilazimisha kuchagua kama mtu anayetaka kujua watu waliishi vipi, sina hakika kwamba wao ndio waliofaidi.

Lakini kinachonifanya nisiweze kuwa mtulivu katika jambo hili ni jahazi lenyewe.

Mfanyabiashara wa Kigiriki aliyeandika mwongozo wa bahari hii katika karne ya 1 aliutaja mji wa Rhapta wa pwani yetu, akasema jina lake limetokana na vyombo vya kushonwa. Karne baada ya karne wasafiri walirudia habari hiyo, mmoja baada ya mwingine, wakishangaa mbao kushikiliwa na kamba za makumbi. Huku kwetu mwisho wa ukoo huo ulikuwa mtepe, uliodumu katika visiwa vya Lamu hadi mwanzoni mwa karne ya 20, na tanga lake la miyaa. Kati ya Rhapta na mtepe kuna miaka karibu 1,900, na kwa muda wote huo mrefu tulikuwa na maneno matupu, michoro michache, na ubao mmoja mmoja. Chombo kamili cha kushonwa, na shehena yake, hakikuwa kimeonekana. Kisha mzamiaji wa jongoo akakikuta.

Mbao zake zilipochunguzwa maabara, sehemu yake ilionekana kuwa ya mti wa Kiafrika wa jenasi ya Afzelia. Mti huo hauoti Oman wala Uajemi. Mbambakofi wetu, anaoujua kila fundi wa milango ya Lamu na Unguja, ni wa jenasi hiyohiyo, ingawa si spishi ileile. Mbao zilifika vipi kwa mafundi walioliunda jahazi, wanaodhaniwa kuwa wa Uarabuni? Hapo ndipo historia ya pwani ya Afrika inapoingia ndani ya safari ya China bila mtu kuialika. Al-Masudi, msafiri Mwarabu aliyetoka Oman hadi kisiwa cha Qanbalu cha pwani yetu mwanzoni mwa karne ya 10, ameandika kwamba pembe za ndovu za nchi ya Zanji, yaani huku kwetu, zilipelekwa Oman na kutoka hapo India na China. Pembe tulizizoea. Mbao ni habari mpya, maana pembe huuzwa kwa tajiri ikaishia hapo, bali mbao hujenga chombo kinachobeba mali za wengine. Ukiifuatilia hoja hii, Afrika haikuwa mwisho wa njia tu, mahali pa kuchukua ndovu na kuacha shanga. Ilikuwa mkuku na mataruma ya njia yenyewe.

Sasa uliza: katika ile milioni 32, mbao hizo zilikuwa na bei gani? Hazikuwa na bei. Hakuna mnada wa kipande cha ubao kilicholegea kwa chumvi. Kamba iliyooza haina mnunuzi. Shehena ilipanda juu ikaenda New Zealand, na jahazi likaachwa chini.

Hapa inabidi nijirudi kidogo, kwa sababu haki ni haki. Msimu wa pili kampuni ilimleta Michael Flecker, mwanaakiolojia mwenye ujuzi wa kweli wa vyombo vya kale vya Asia, naye aliyapima mabaki ya jahazi, akaeleza mishono yake na akatoa matokeo katika jarida la kitaaluma mwaka 2001. Habari za Afzelia tunazijua kwa sababu yake. Alikuwa radhi hata kubadili mawazo yake mwenyewe kuhusu asili ya chombo baada ya mbao kuchunguzwa upya. Na kutokana na vipimo vyake, mafundi walikusanyika Qantab, karibu na Muscat, wakaunda upya jahazi la mita 18 kwa mbao za Afzelia zilizoletwa kutoka Ghana, wakalishona kwa kamba za makumbi, wakaliita Jewel of Muscat. Lilitia nanga Singapore Julai 2010 baada ya karibu miezi mitano ya safari, na milingoti kubadilishwa Sri Lanka baada ya kupasuka. Anayedai kuwa biashara haikutoa elimu yoyote Belitung anasema uongo.

Ila tazama elimu hiyo ilitegemea nini. Ilitegemea mtu mmoja kuitwa, katika msimu wa pili, na kampuni kukubali kulipia siku za kazi isiyolipa. Kampuni ingeweza kukataa bila kuvunja sheria yoyote. Mkataba wa UNESCO unaokataza urithi wa chini ya maji kufanywa bidhaa ulipitishwa mwaka 2001 na kuanza kutumika 2009. Jahazi lilikuwa limekwishamalizwa. Watetezi wa waopoaji hulitaja hili kama utetezi: kila kitu kilikuwa halali. Kwangu ndilo linalotisha. Kila kitu kilikuwa halali, na bado ramani kamili ya ngama haipo.

Kwamba njia nyingine inawezekana hata katika nchi isiyo tajiri, Mombasa ni shahidi. Manowari ya Kireno Santo António de Tanná ilizama mbele ya Fort Jesus mwaka 1697, wakati Waomani wameizingira ngome. Kuanzia 1977 hadi 1980 Makumbusho ya Taifa ya Kenya pamoja na taasisi ya akiolojia ya bahari kutoka Marekani, chini ya Robin Piercy, waliichimba kwa misimu minne. Walipima hadi ubao wa mwisho, kisha wakaifukia tena mwili wake ili mchanga uuhifadhi. Vitu vilivyotoka viko Fort Jesus, hatua chache kutoka vilipozamia. Hakuna kilichonadiwa. Ukweli ni kwamba fedha zilikuwa za wageni, na misimu minne ni muda ambao mvuvi mwenye njaa haungoji. Nakubali. Bandari ya Mombasa ina macho mengi pia, na Batu Hitam haina.

Ukishuka kusini zaidi, Kisiwa cha Msumbiji, ile picha nyingine inajichora. Huko kampuni ya Arqueonautas ilipata kibali, ikaopoa meli ya Kireno ya karne ya 16 chini ya ngome ya São Sebastião, na mwaka 2004 kauri za Kichina za enzi ya Ming zilizotoka humo zikanadiwa Amsterdam. Ndiyo njia ya kawaida ya biashara hii. Belitung, pamoja na kasoro zake zote, ni biashara hiyo ilipokuwa na tabia njema kuliko kawaida yake, na watetezi wake wanaponiambia niitazame kama mfano wa kuigwa, ninauliza kama wamepitia Amsterdam.

Je, Smithsonian ilifanya vyema kukataa? Hapo mimi na wanaakiolojia tunaachana njia. Shehena ilikuwa imekwishanunuliwa na nchi, pamoja, na haikuwa inauzwa tena. Kuifungia mlango hakukurudisha mtungi hata mmoja mahali pake. Ningeionyesha, na katika chumba cha kwanza ningeweka sakafu tupu yenye umbo la jahazi, isiyo na kitu ndani, ili mtazamaji aanze kwa kuona kisichojulikana kabla hajafika kwenye dhahabu. Toronto waliionyesha mwishoni mwa 2014, New York mwaka 2017, na mbingu hazikuanguka. Lakini siwezi kusema kelele za namna ile, ambazo zilianza kabla ya ugomvi wa Smithsonian, hazikuwa na kazi. Mei 2010 serikali ya Indonesia ilijaribu kuinadi mjini Jakarta shehena ya Cirebon, jahazi la karne ya 10 lililobeba vyombo zaidi ya laki mbili. Bei ya kuanzia ilikuwa dola milioni 80, na mwenye kutaka kushiriki mnada alitakiwa kuweka amana ya milioni 16. Hakutokea mnunuzi. Masharti yalikuwa magumu, kweli. Pia ulikuwa wakati ambao makumbusho yenye fedha yalikwisha kuona kwamba mali ya namna hiyo inakuja na aibu yake, na aibu ikipunguza wanunuzi, mopoaji wa kesho anapiga hesabu upya kabla hajakodi mashua.

Lawama zangu haziendi Singapore, wala hazimwendei sana Walterfang. Zinakwenda kwenye karatasi ya kibali. Kibali kilichosema "opoeni, mgawane" kingeweza kusema pia kwamba hakuna mtungi unaoinuliwa kabla haujapimwa, na kwamba mbao zitahifadhiwa kwa fedha za dhahabu. Kikombe kile cha pande nane kingetosha kulipia kamba.

Hapa kwetu maswali haya yamekwisha kubisha hodi. Ngomeni, kaskazini ya Malindi, mita kama 500 kutoka ufukweni na kina cha mita sita hivi, kuna meli ya Kireno ya karne ya 16. Vipande vya shaba na pembe za ndovu vimepatikana humo, na katika mahandaki mawili madogo mataruma na mbao za mwili wake zimeonekana chini ya matumbawe. Caesar Bita wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya ameifanyia kazi kwa miaka, na mwaka 2024 yeye na mwanaakiolojia mwenzake Filipe Castro walitoa wazo kwamba huenda ni São Jorge, moja ya meli za safari ya tatu ya Vasco da Gama, 1524. Huenda tu; hawajathibitisha. Magazeti yaliruka na jina la da Gama, kama yanavyoruka na dhahabu. Wazamiaji wa Ngomeni nao wanapita juu yake wakienda kwenye kazi zao za kila siku. Sehemu kubwa ya meli bado iko chini ya mchanga, haijaguswa, na hadi sasa hakuna aliyetaja bei.